Usitie Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Profesa,

Usicheke mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto, unaandika kama mtoto wa chekechea. Wa kulia bado umefungwa, daktari anasema wiki sita. Kwa hiyo nitaandika kifupi kifupi, wewe usome polepole.

Asante kwa kunishikia nafasi. Najua hukusoma miaka yote ile ili uje kupakia vyombo vya watu. Lakini nafasi hii ndiyo iliyokusomesha, na ikiniponyoka, kwa mkono huu sitapata nyingine.

Mwenye nyumba tunamwita Bi Kipimo. Ukilitamka mbele yake tumekwisha, mwite Mama. Anapima kila kitu: maji anayokunywa baba yake, hatua zake kwenda bustanini, joto la maji ya kuoshea vyombo. Si mtu mbaya, anaogopa. Figo za Mzee ni mbovu na mwili wake hauwezi kupambana na mdudu hata mmoja. Ndiyo maana vyombo vyake havioshwi kwa mkono. Lazima vipite kwenye mashine.

Asijue habari ya mkono. Mtunza bustani alipovunjika mguu alipewa asante, kofia, na geti.

Mashine sasa. Chujio liko chini kabisa, katikati. Lizungushe kushoto, livute juu, lisugue kwa brashi chini ya bomba. Kila Jumamosi. Kabla ya kuingiza mkono, mulika kwa tochi. Mimi sikumulika, na kipande cha glasi kilikuwa kinanisubiri. Ile mikono miwili inayozunguka ikirusha maji, ichomoe, zibua matundu kwa kijiti cha meno. Futa raba ya mlango, mikunjo yake inaficha uchafu. Akiuliza kuhusu mimi, sema namuuguza mama, basi. Geuza.

Usitie chumvi. Siki kikombe kimoja, mara moja kwa mwezi, kisimame trei ya juu, mashine tupu, maji ya moto kabisa. Usichanganye na dawa ya madoa, utazimia. Ukimaliza kuosha acha mlango wazi kidogo, uvundo utoke. Ukisha kusoma hii, choma.

Dada yako


Ijumaa, 7 Machi

Dada,

Shikamoo. Dereva wa maziwa ameileta barua ndani ya kofia yake kama mtu aliyeiba. Kwa kuwa anapakia huko nyumbani kila asubuhi, amekubali kuwa posta yetu. Simu hapa zinakaa kwenye droo ya Bi Kipimo hadi Jumapili, na Jumapili nikipiga, anakaa sebuleni na gazeti ambalo hageuzi ukurasa. Kwa hiyo tuandikiane.

Nyumba ni kimya mpaka nasikia nikimeza mate. Mzee peke yake ndiye anayenichangamsha. Aliniuliza nimesomea nini, nikamwambia kemia. Akasema basi nimefika mahali pake, maana yeye ndiye maabara. Chakula chake hakina punje ya chumvi. Anakitazama sahanini kama mtu anayesomewa hukumu.

Jana nilitoa chujio kwa mara ya kwanza. Nilimulika kama ulivyosema. Nilikuta mbegu za limau na kipande kingine cha glasi, kidogo kama jino la mtoto. Kwenye mkunjo wa raba ya mlango kulikuwa na doa la rangi ya kutu. Nililifuta taratibu. Nadhani lilikuwa lako.

Kitabu cha mashine kimeandikwa kwa lugha sita, yetu haimo. Si kitu. Barua yako nimeibandika ndani ya kabati langu na naifuata neno kwa neno. Nikishaikariri nitaichoma. Wiki sita zikiisha utaikuta nafasi yako kama ulivyoiacha.

Mdogo wako,
Profesa asiye na darasa


Jumanne, 18 Machi

Profesa,

Vidole vinachelewa tu. Daktari ameongeza muda kidogo. Usiniulize zaidi, kuandika kunachosha.

Mama ni mzima na amekasirika kwamba tunamuuguza bila ruhusa yake. Jana alikohoa mara moja, akanitazama. "Unaona? Mmeanza kufanikiwa."

Bi Kipimo akiuliza, anaendelea vizuri ila polepole. Shikilia nafasi. Chujio hujasahau?

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kuna jambo sikukuandikia kwa sababu nilitaka kulimaliza mwenyewe. Kwa wiki mbili glasi zinatoka kwenye mashine na ukungu mweupe. Mwanzoni nilizifuta kwa kitambaa kabla Bi Kipimo hajashuka. Sasa ukungu umeshika hata sahani. Ukipitisha kidole unahisi unga wa chaki. Nimesugua chujio, nimezibua matundu, nimeweka siki. Siki inasaidia siku tatu, kisha unarudi. Vyombo vya Mzee navifuta mara mbili kwa kitambaa nilichochemsha, kwa siri kama ninayeiba.

Juzi presha ya Mzee ilipanda. Jana tena. Leo miguu imevimba. Bi Kipimo ameandika namba kwenye daftari lake, akaja jikoni, akachukua glasi ya Mzee kabatini na kuishika mbele ya dirisha. Akapitisha kidole ndani, akakiweka ulimini. Nilikuwa nakata karoti na sikuacha kukata, maana ningeacha angesikia.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Binti, unamlisha nini baba yangu?"

Nikamwambia ninampa kilichoandikwa kwenye orodha yake. Akasema sawa. Dada, hiyo sawa yake ilikuwa ndefu kuliko orodha yenyewe.

Ninakosea wapi? Niambie, hata kama ni la kijinga.

Mdogo wako


Ijumaa, 4 Aprili

Profesa,

Haraka, dereva anapiga honi. Ukungu huo ni chokaa. Maji ya nyumba ile ni ya kisima, ni magumu. Pembeni mwa chujio kuna kifuniko. Humo ndimo inamokaa chumvi ya mashine, ile ya mawemawe kwenye mfuko mkubwa chini ya sinki. Ndiyo inayolainisha maji, na haifiki kwenye vyombo. Ikiisha inawaka taa nyekundu. Taa haikuwaka? Umeijaza lini mara ya mwisho?

Najaribu kukumbuka kama nilikuandikia. Miaka kumi na moja mkono ulikuwa unajaza wenyewe, nikadhani na mdomo umesema.

Jaza leo hii.

Dada yako


Jumapili, 6 Aprili

Dada,

Uliniandikia. Ninayo barua mbele yangu, sikuichoma. Nyuma ya karatasi, mstari wa kwanza: "Usitie chumvi. Siki kikombe kimoja, mara moja kwa mwezi." Nyumba ya mtu wa figo, mashine inayoosha vyombo vyake, na onyo kwamba nisitie chumvi. Ningeelewa vipi vingine? Taa ilipowaka niliibandika plasta. Ndiyo, mimi, mwenye digrii ya kemia. Na ule mfuko uliniogopesha tangu siku ya kwanza. Niliuhamishia kibarazani, nyuma ya viti vibovu, mahali nilipodhani hafiki mtu.

Jana barua yako ilipofika nilikimbia kuuchukua. Nilimkuta Bi Kipimo amesimama juu yake. Mfuko umetobolewa kwenye kona na chumvi imepungua. Sikuutoboa mimi. Sijui ni nani.

Hakupandisha sauti. Alipanga mambo kama anayesoma daftari: presha, miguu, vyombo vyeupe, chumvi iliyofichwa na mtu mmoja anayeingia jikoni. Amenipa hadi Alhamisi nimweleze. Nikishindwa anaita polisi, na wewe hurudi, kwa kuwa wewe ndiye uliyenileta.

Kitu pekee kinachoweza kunisafisha ni barua yako, upande wa nyuma. Upande wa mbele kuna mkono wako, kuna uongo wetu, kuna jina la Bi Kipimo. Nikiionyesha nimepona mimi, umekwisha wewe. Nisipoionyesha tumekwisha wote wawili, ila mimi nakwisha na kesi.

Niambie la kufanya. Nimefikiri mpaka sijui tena lipi ni wazo na lipi ni woga.

Mdogo wako


Jumanne, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuwa nazungumzia mashine. Soma upande wa mbele, mstari wa mwisho, kisha geuza. Akiuliza kuhusu mimi, sema namuuguza mama, basi. Usitie chumvi. Chumvi ya maneno! Nilijua ukianza kusimulia utamlaza mama hospitali, utamtundikia dripu, utaleta na mashangazi wanaolia. Nilicheka niliposoma barua yako, nisamehe. Kisha nikakaa chini.

Usiionyeshe. Ichome. Mwambie ulisahau kujaza, ukaogopa, ukaficha mfuko. Msahaulifu hafungwi. Atakufukuza, utarudi kwenye maisha yako, na mimi nitakuja kumwangukia. Nafasi yangu bado inaweza kuokoka. Hakuna nyumba nyingine itakayonichukua, unaelewa? Nimekuomba mambo machache sana maishani. Hili ni mojawapo.

Dada yako


Ijumaa, 11 Aprili

Dada,

Barua yako ilinifikia Jumatano. Sikuichoma ile nyingine. Nisikilize kabla hujanilaani.

Jana aliniita jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kusema kama ulivyoniambia. Kwanza nikamwekea glasi mbili mezani. Moja nikaisugua kwa maji, ukungu ukabaki. Ya pili nikaisugua kwa siki, ukungu ukatoka. Nikamweleza kwamba chumvi huyeyuka kwenye maji na hii haiyeyuki, hii ni chokaa. Alitazama kama msimamizi wa mtihani.

"Basi glasi zilikusingizia," akasema. "Na mfuko nao ulitembea wenyewe?"

Nikasema nilisahau kujaza, nikaogopa. Maneno yalitoka, nikayasikia yalivyo mepesi. Akaniuliza tangu lini mtu akasahau kwa kuficha. Kisha akasema amesoma habari za watu wanaowaua wazee kidogo kidogo, na siku zote ni wale wapole, waliosoma. Mzee alikuwa mlangoni na fimbo yake. Alisikia kila neno. Alinitazama, akatazama sakafu.

Hapo nikaitoa barua mfukoni. Niliishika mwenyewe, nyuma ikimwelekea yeye, mbele kifuani kwangu. Nikamwambia asome mstari wa kwanza. Akasoma. Akanyoosha mkono. Sikumpa, Dada, aliichukua. Lakini vidole vyangu havikukaza. Hilo nitaishi nalo.

Hakuigeuza. Aliiweka kwenye droo pamoja na simu, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Tangu hapo hajaniambia neno, na polisi hawajaja. Leo amepima maji, amepima hatua, amepima presha. Kila akipita karibu na droo nahesabu pumzi zangu.

Nilichagua jina langu, nikaiweka nafasi yako rehani. Sitaki kusema nilikosea, na siwezi kusema nilipatia.

Mdogo wako


Jumamosi, 12 Aprili

Kwako Dada,

Nimekuita hivyo miaka kumi na moja. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika, na nimegundua sina jina lingine la kuanzia barua.

Baba amekiri jana jioni. Kila mchana nikiwa kazini amekuwa akienda kibarazani kulamba mawe ya chumvi ya mashine. "Kama mbuzi," hayo ni maneno yake. Anasema tangu alipomsikia mdogo wako akiitwa muuaji, chakula hakimpiti kooni. Nimemwomba binti radhi. Aliipokea huku akikunja vitambaa, bila kuniangalia. Sikumlaumu.

Baba angekiri siku mbili mapema, nisingekuwa na barua yako.

Sikukusudia kuigeuza. Lakini niliilinganisha na vikaratasi ulivyobandika kwenye makopo ya jikoni, na mwandiko haukufanana. Nikaamini binti ameighushi. Nikaigeuza ili nimkamate. Nikasoma yote, pamoja na jina mlilonipa.

Umenidanganya wiki sita. Nimekasirika, na sitaificha hasira yangu eti kwa sababu umeumia. Lakini naikumbuka Jumamosi ile. Ulitupakulia chakula cha jioni mkono wa kulia ukiwa ndani ya taulo. Niliiona taulo. Nilipima presha ya baba, nikapima maji yake, nikakwambia supu imepoa. Sikukuuliza.

Na mtunza bustani hakupewa kofia. Ile kofia ilikuwa yake.

Niandikie mkono huo unaweza nini na hauwezi nini. Sijaamua. Nataka niamue nikiwa najua.

Bi Kipimo


Jumatatu, 14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kwa lile jina, niwie radhi. Mengine nakujibu kama ulivyouliza.

Kidole cha shahada na cha kati havikunji. Kano zilikatika. Tarehe kumi na tano Machi daktari aliniambia havitakunja tena. Mdogo wangu nilimwandikia kwamba vinachelewa. Mama yangu nilimwambia hivyohivyo. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Gumba, cha pete na cha mwisho vinafanya kazi. Naweza kushika kikombe, mwiko, na kiwiko cha Mzee akishuka ngazi. Naweza kupika kwa mkono wa kushoto na kukata polepole. Dawa zake nazijua kwa rangi na kwa saa, na najua akinyamaza kwa njaa na akinyamaza kwa maumivu. Siwezi kukamua kitambaa. Siwezi kuinua mfuko mzito. Chujio sitaweza kulizungusha. Nimejaribu hapa na kifuniko cha chupa ya maji, kimenishinda.

Sikukwambia kwa sababu wageni wakija ulizoea kusema mimi ni sehemu ya nyumba. Nimeona sehemu za nyumba zikiharibika zinavyofanywa.

Mdogo wangu hana kosa. Alifanya nilichoandika, na alipoacha kufanya nilichoandika alikuwa na haki.

Nitakuja Alhamisi na gari la maziwa. Kama jibu ni hapana, naomba uniambie nikiwa nimekaa, si pale getini. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisimama.

Aliyekuwa mpishi wako, au aliye


Jumatano, 16 Aprili

Dada,

Dereva atakupa hii ukipanda gari. Isome njiani.

Bi Kipimo aliisoma barua yako jana jikoni, amesimama. Alipomaliza aliniuliza kama nilijua habari ya vidole. Nikasema sikujua. Tulibaki tumesimama, watu wawili waliofichwa jambo moja. Nina hasira na wewe. Mwezi mzima uliniandikia "vinachelewa" na mimi nikaamini, kama ulivyoamini kwamba mashine iko salama. Tutagombana ukifika, jiandae.

Kisha akapiga magoti mbele ya mashine, na nguo zake za kazini. Akavuta trei ya chini, akaitoa. Akanyoosha vidole viwili vya mkono wa kulia, kama ulivyoandika, vikae vimekakamaa, akajaribu kulizungusha chujio kwa vile vilivyobaki. Likamponyoka. Akajaribu tena. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa kichwa. Mwisho akatumia mkono wa kushoto. Ilimchukua muda wa birika kuchemka, na shati likalowa mpaka kiwikoni. Likatoka. Akakaa sakafuni amelipakata, linamdondoshea maji kwenye sketi, na Mzee akapita mlangoni akauliza kama siku hizi kazi ya jikoni inafanywa kwa kukaa.

Hakucheka. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Usijipe matumaini kwa sababu yangu. Nimemtazama wiki sita na bado simsomi. Lakini leo asubuhi ameniagiza nilete jikoni kile kiti cha sebuleni chenye mikono, nikiweke upande wa dirisha. Kisha akachukua daftari lake, akafungua ukurasa mpya, na akaniuliza, kalamu mkononi, "Dada yako hunywa chai ya rangi au ya maziwa?"

Najua unavyoipenda, na angeandika. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Mdogo wako